Tupeane uzoefu: bendi ya bluzi visiwani, kila mpigaji katoka ngoma gani na mkono wake unarekebishwaje?

Mwenye mada
Assalam alaykum wenzangu. Bendi ya bluzi hapa Unguja au Pemba haipati watu waliokulia kwenye bluzi. Gitaa linashikwa na mtu wa udi, besi katoka kidumbak (taarabu ndogo ya ngoma na sanduku), dramu kaacha dumbak (ngoma ndogo ya mkono) nyuma, muimbaji kalelewa na kasida. Mkono huo wa zamani unasaidia wapi, unaharibu wapi, na dawa yake nini? Tuandike vipimo. Sifa za watu tuziweke kando.

Mpiga udi, Malindi
Wa alaykum salaam. Mtu wa udi anakuja na sikio tayari. Kwenye Rast, makamu ya Kiarabu, noti ya tatu inakaa kati ya ndogo na kubwa, na bluzi nayo inazunguka hapo hapo. Udi hauna freti (vichuma vinavyogawa shingo ya gitaa), kidole kinaiokota tu. Kwenye gitaa lazima uzi uvutwe. Mkiwa kwenye ufunguo wa A, shika freti ya 5 kwenye uzi wa 3, hiyo ni C. Kidole cha shahada kivute uzi kuelekea sakafuni, sauti ipande kuelekea C# lakini isiifikie. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono kinavyozunguka, sio ncha ya kidole.

Kinachoharibu ni hiki: katika Rast noti ile ina makaazi yake. Bluzi haina. Bendi ikiwa kwenye kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya A7 unaivuta, ikihamia D7 unaiacha C ilale chini kwa sababu sasa iko ndani ya kodi yenyewe. Mtu wa udi huisimamisha pahala pamoja baa (mapigo manne manne) zote 12 za mzunguko wa bluzi, na masikioni inakuwa kama gitaa halijatyuniwa.

Nyuzi: anza na seti ya 9 hadi 42 (unene kwa elfu za inchi). Vidole vilivyozoea nyuzi laini za udi vikipewa seti ya 11 siku ya kwanza haviwezi kuvuta kitu. Na risha ndefu ya udi ibaki nyumbani. Kipande cha kupigia gitaa kitoke kidoleni milimita 3 au 4 tu.

Sanduku, Ng'ambo
Maalim kasema kweli. Mimi niingie kwenye besi. Sanduku la kidumbak lina uzi mmoja na fimbo: ukivuta fimbo sauti inapanda, ukilegeza inashuka. Wamarekani weusi walikuwa na ndugu yake, karai lililopinduliwa lenye fimbo na uzi, na bendi za Memphis za miaka ya 1920 zililitumia. Kwa hiyo sanduku halihitaji ruhusa ya kuingia kwenye bluzi.

Faida ya mtu wa sanduku ni mwendo, haupotei. Kasoro yake ni kuifikia noti kwa kuteleza, akawasili baada ya pigo la kwanza. Kodi inapobadilika besi iwe imeshafika. Mpangilio wa E ni huu: baa 1 hadi 4 E, 5 na 6 A, 7 na 8 E, ya 9 B, ya 10 A, ya 11 E, ya 12 B inayorudisha mwanzo. E na A ni nyuzi wazi, B ni freti ya 2 kwenye uzi wa A. Piga noti hizo tatu peke yake, pigo la kwanza la kila baa, mpaka ya 9 na ya 10 zisikutishe. Hapo ndipo watu wengi wanaanguka, wanakaa B baa mbili.

Baadaye ndiyo utembee noti kwa noti: E, G#, B, C#, D, C#, B, G#.

Dumbak, Kikwajuni
Kwa dramu tatizo ni moja: mkono wa dumbak hauachi nafasi. Bluzi inagawa kila pigo mara tatu, unapiga la kwanza na la tatu, la kati kimya. Ukijaza la kati umeua mwendo. Weka programu ya kuhesabu kwenye simu, mapigo 60 kwa dakika, cherewa (manyanga ya kidumbak) zitie zote tatu, wewe piga mbili tu. Kofi la dramu (snea) liwe pigo la 2 na la 4. Ongeza mapigo matano matano. Ukikimbilia 120 mapema, mgawo wa tatu unageuka wa mbili bila mwenyewe kujua.

Fidla, Wete
Wanaofunga fidla kwa mtindo wa Kiarabu, G D G D, warudi G D A E wakipiga na gitaa. Mikato ya mapambo ipunguzwe, noti moja iliyotelezeshwa inatosha. Na msiambiwe fidla si ya bluzi: Mississippi Sheiks, bendi ya Wamarekani weusi waliorekodi 1930, walikuwa na fidla mbele.

Muimbaji, Chake Chake
Shairi la taarabu lina beti na vina, bluzi ina mistari mitatu: wa kwanza, unaurudia, wa tatu unajibu. Mizani 14 inakaa vizuri:

*Boti imeondoka, nimebaki gatini,*
*Boti imeondoka, nimebaki gatini,*
*Mzigo uko Wete, roho iko mjini.*

Kila mstari una baa 4. Imba mbili, mbili muachie gitaa likujibu. Mtu wa kasida ana pumzi ndefu na huivuta silabi ya mwisho mpaka inameza jibu. Akate hapo "ni", anyamaze.

Sanduku, Ng'ambo
Ahsanta da. Na wapiga ala nao wajifunze kusubiri. Katika taarabu ala zote zinafuata njia moja, hapa akipiga mmoja wengine wanampisha.

Mpiga ganuni, Mji Mkongwe
Mkitaka ganuni ndani, msichague E. Chagueni G au D, ndizo zinazokaa vyema kwenye udi na fidla pia. Ganuni yenye nyuzi 78, tatu tatu kwa kila noti, haityuniwi upya baina ya nyimbo mbili. Mpiga gitaa asiyetaka kuziacha kodi zake za E aweke kibano cha shingoni (kapo) freti ya 3, zitatoka G. Besi atumie G, C na D. Wa harmonika achukue ya C, avute pumzi ndani zaidi ya kupuliza.