Naombeni ushauri: naletewa nyamapori ya bei chee, nataka kuingia kihalali

MamaWaKibanda
Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha ugali na nyama choma hapa Bunda. Nyumbu wakianza kupita Ukanda wa Magharibi wa Serengeti, mwezi wa sita hivi, kuna kijana huja na bodaboda usiku, nyama iko kwenye kiroba chini ya magunzi. Bei yake nusu ya ng'ombe. Wateja wanaulizia kwa chini chini, "Mama, ile ya porini ipo?" Mimi namkatalia, ila jirani anachukua na wateja wanahamia kwake. Nasikia tangu 2020 mabucha ya nyamapori yameruhusiwa. Mtu wa mtaji mdogo anaweza? Na nikichukua vimoro vichache tu, vile vipande vya nyama kavu, kuna ubaya gani?

Kijiwe_Mahakamani
Dada, hakuna "vichache tu". Nyama mbichi au kavu ni nyara ya serikali kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Thamani yake haipimwi kwa kilo: wanahesabu mnyama mzima. Nimeona kesi ambazo nyumbu mmoja kathaminiwa dola 650 na mtu kala miaka 20. Halafu wewe ndiye unayetakiwa kuonyesha kwamba uliipata kihalali. Kijana wa bodaboda atakuandikia risiti?

Mzee wa Ikoma
Sisi babu zetu wamewinda kwa upinde na nyumbu hawakuisha. Leo mwenye hela ananunua buchani mjini, mwanakijiji akiokota mguu anaswekwa ndani. Hilo linaniuma. Ila dada, usijitoe kafara kwa ajili ya hasira zangu.

Doria_Mstaafu
Mzee, shikamoo. Upinde ulichagua, waya hauchagui. Mtu anatega mstari mzima vichakani, anarudi akikumbuka. Nimekuta nyumbu mwenye mimba kaoza na waya shingoni, hatua chache mbele fisi kakatika mguu. Nyumbu wako zaidi ya milioni, huenda wakastahimili. Pofu na nyamera je? Uvunaji wa halali una idadi na msimu, na mtu anajulikana kapiga nini. Hiyo ya kiroba haina hesabu.

Daktari wa Mifugo
Mimi naongeza la ugonjwa wa kimeta. Mnyama aliyejifia porini akichunwa, anayeumia kwanza ni mchunaji, na vijidudu vyake vinaweza kustahimili moto wa jikoni. Kiroba hakina mhuri wa mkaguzi. Mteja wako akiugua, kijana yule humpati.

MamaWaKibanda
Nimewaelewa. Sasa njia ya halali inaanzia wapi? Bucha zima siliwezi.

Kijiwe_Mahakamani
Anzia kwa afisa wanyamapori wa wilaya, au ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Muulize bucha gani limesajiliwa karibu na wewe, na kama kibanda cha chakula kinahitaji kibali chake. Nyama yao hutoka kwenye uwindaji wenye leseni au mashamba ya wanyamapori. Ukinunua, dai risiti iliyoandika aina ya mnyama na kilo, uitunze hapo hapo kibandani. Bei haitakuwa ya kiroba, piga hesabu kabla hujaandika "nyamapori" kwenye ubao.

Doria_Mstaafu
Na namba ya yule kijana, ifute leo.