Margherita (Rwenzori): Nyakalengija, Kilembe au Mutwanga?

Mtoto_wa_Marangu: Wakuu, habari. Kili nimeshapanda kwa Machame. Sasa naitaka Margherita, kilele cha juu kabisa cha milima ya Rwenzori, mita 5,109, mpakani mwa Uganda na Kongo. Sijawahi kukanyaga barafu. Nipite njia ipi?

Gambuti: Karibu Kasese, mkuu. Mambo ya Kili yasahau, huku ni tope. Nyakalengija ndiyo njia ya zamani, siku 7 hivi, unalala kambi za Nyabitaba, John Matte, Bujuku, halafu Elena (mita 4,541), ukishuka unapitia Kitandara. Kinamasi cha Bigo kina njia ya mbao, ila pasipo na mbao unaruka kutoka kichuguu kimoja cha nyasi hadi kingine. Ukikosea, unazama hadi gotini. Buti za ngozi ziache hotelini.

DadaMilima: Mimi napigia debe Kilembe, ile inayoanzia kwenye migodi ya zamani ya shaba. Ina siku moja zaidi au mbili, lakini unapanda taratibu na mwili unazoea. Kule kambi ya Mutinda miti yote imevaa zulia la mimea laini ya kijani na ndevu, wenzangu walichelewa kwa kupiga picha tu.

Gambuti: Sawa dada, lakini gharama nazo zinaongezeka. Na ikinyesha, tope la Kilembe halina tofauti na la kwetu.

Kijana_wa_Beni: Upande wetu wa Kongo munausahau! Kutoka Mutwanga unaingia hifadhi ya Virunga, unapita kambi za Kalonge, Mahangu na Kiondo. Wabelgiji walipandia huku mwaka 1932. Mlima ni mkali kuliko kwa Waganda, na watu ni wachache. Lakini kwa sababu ya waasi wa ADF, kwa sasa siwezi kumushauri mutu aje.

Mtoto_wa_Marangu: Asanteni. Na barafu je? Kwa Kilembe ni rahisi zaidi?

DadaMilima: Hapana, kaka. Njia zote mbili za Uganda zinakutana jirani na Elena, barafu ni ileile. Utafungwa kamba na kiongozi wako, utavaa kramponi (vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya buti) na kushika shoka la barafu. Barafu inazidi kurudi nyuma mwaka hadi mwaka, hivyo usiamini picha za zamani. Mwulize kiongozi hali ya wiki hiyo. Omba akufundishe kutembea na kramponi kambini, siyo saa tisa usiku gizani.

Gambuti: Hapo nakubali. Njoo Juni hadi Agosti, au Desemba hadi Februari. Mvua utaipata tu, ila kidogo. Na glovu beba jozi mbili, ya kwanza italowa kabla hujafika Bujuku.