Kupandisha ngazi za uchawi bila kuharibu mchezo

Muulizaji (Lamu):
Assalamu alaikum. Ninatengeneza mchezo wa kompyuta ambamo mchawi hupambana na majini katika vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu. Kila ngazi huongeza madhara kwa asilimia 20 na kupunguza muda wa kungojea kabla ya kurusha uchawi tena, lakini mwishowe kombora la moto humaliza kila adui na wachezaji hawagusi uchawi mwingine. Nipunguze wapi?

Jibu (Malindi):
Waalaikum salaam, ndugu yangu. Ukipandisha mara tano, kila nyongeza ikihesabiwa juu ya ngazi iliyotangulia, 100 huwa karibu 249, ilhali ikihesabiwa juu ya kiwango cha mwanzo huwa 200 tu. Muda wa kungojea nao ukipungua kwa nusu, madhara kwa sekunde yanakaribia mara tano. Mimi ningeacha muda kama ulivyo.

Jibu (Lamu):
Hesabu ni sahihi, ila vichochoro navyo vinachangia. Penye upana wa punda mmoja maadui hujipanga mstari, na kombora linalopenya huwapata wote; katika uwanja wa Mkunguni lingempata mmoja. Lipungue nguvu kwa kila mwili linaoupita. Kuhusu uchawi mdogo kuachwa, mchezo wa kompyuta wa Diablo II, katika toleo la 1.10 la mwaka 2003, ilifanya pointi zinazowekwa kwenye uchawi mdogo zikuze ule mkubwa, ingawa, kwa maoni yangu, iliwafunga wachezaji katika mkondo mmoja.

Muulizaji:
Shukrani. Je, ngazi ya tatu impe mchezaji chaguo, kombora lipenye au lilipuke?

Jibu (Malindi):
Naam, mradi asipate yote mawili.