Sinthi gani inafaa singeli kwenye laptopu dhaifu?

Kinanda_Mbagala

Wakuu, habari za mihangaiko. Natengeneza biti za singeli nyumbani, Mbagala Rangi Tatu. Natumia FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, kwenye laptopu ya mtumba: Core i3, RAM GB 4, diski ya kawaida, siyo SSD. Sauti nilizonazo ni zile zinazokuja na FL, pamoja na folda ya sampuli niliyoachiwa na mshkaji aliyehamia Arusha.

Sasa nataka nitulie na sinthi (programu ya kuunda sauti za ala) moja au mbili nizijue hadi ndani. Ninachotafuta ni besi inayosimama hata biti ikikimbia mapigo 220 kwa dakika, halafu ile sauti ya kinanda cha mchiriku, Casio ile inayolia kama mtu anadai chake. Na sauti za taarabu, ila sitaki kukata kwenye nyimbo za watu, nataka nipige mwenyewe.

Kila ninayemuuliza ananiambia Serum. Nimeigusa kwa jamaa mmoja mwenye studio, tamu kweli, ila mfuko hauruhusu. Vital, sinthi nyingine, nimeshaipakua, nimepata priseti (sauti iliyopangwa tayari) moja kali sana, lakini nikiiingiza kwenye biti mashine inakwaruza, sauti inakatika, mita ya CPU inagonga mia. Cha ajabu, nikiitumia sauti hiyohiyo kwenye biti ya 95 inatulia kabisa. Nikiongeza RAM ifike 8 itaacha? Na nyie mnashauri sinthi ipi?

MkaliWaTemeke

Serum tu mkuu, usizungushwe. Njoo inboksi, nina flashi yenye programu za sauti: Serum, Omnisphere, Kontakt na Nexus, zote buku kumi.

FundiKelele

Dogo, hapo kwenye 95 na 220 ndipo ugonjwa wako ulipo. Tupige hesabu kidogo, haina ugumu.

Kwenye 220, pigo moja lina milisekunde 273 hivi. Kinanda cha singeli tunaligawa kwa nne, kwa hiyo noti moja inapewa milisekunde 68. Fungua hiyo priseti yako uangalie release, yaani muda wa noti kufifia baada ya kuachia kitufe. Nabashiri iko milisekunde 700 au zaidi, kwa sababu wanaotengeneza priseti wengi wao wanapiga muziki wa taratibu na wanapenda noti iwe na mkia mrefu. Kwako wewe, noti ya kwanza inamalizia mkia wake wakati nyingine kumi zimeshapigwa juu yake, na kompyuta inazibeba zote. Njoo kwenye unison, yaani nakala za sauti moja zinazolia pamoja: osileta (vyanzo vya wimbi la sauti) mbili, kila moja unison 8, hizo ni 16 kwa noti. Mara noti 11, umefika 176 zinazokokotolewa kwa mpigo, na hapo unapiga kidole kimoja, hujagusa kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja. Kwenye 95 noti ina milisekunde 158, zinazopandiana ni tano tu. Ndiyo maana inatulia.

Uchungu ni kwamba huo mkia hakuna anayeusikia. Ngoma na MC wameshaufunika. Kwa hiyo: release shusha hadi 70 hivi. Attack, muda wa noti kufikia sauti kamili, weka karibu na sifuri, maana attack ya 40 peke yake inakula zaidi ya nusu ya noti, na hapo ndipo watu wanalalamika eti sinthi yao "haigongi". Voices, idadi ya noti zinazoruhusiwa kulia pamoja, weka 4, kwa besi weka 1. Unison 2 inatosha, 3 kama unaringa. Oversampling (kukokotoa sauti kwa ubora wa ziada) nayo ishushe, utairudisha siku ya kutoa wimbo.

RAM achana nayo kwa sasa. Sinthi inakokotoa mawimbi yake papo kwa papo, hiyo ni kazi ya prosesa. Wanaokula RAM ni wale wanaopakia marekodi, kina Kontakt. Ukipata hela ya kuiwekea laptopu yako kitu, nunua SSD. Mradi utafunguka haraka, lakini kukwaruza ni suala la prosesa na bafa, ile akiba ya sauti inayoandaliwa kabla ya kutolewa. Bafa ya 512 ni kama milisekunde 12, inafaa ukiwa unapiga kinanda. Ukimaliza kupiga na unachanganya tu, panda hadi 2048. Hapo ukibonyeza utasikia kachelewa kidogo, lakini si hupigi tena? Ingia pia Tools, kwenye Macros, uwashe Smart disable kwa plagini zote (sinthi na efekti zinazokaa ndani ya FL). Plagini isiyotoa sauti inalala.

Haya, sinthi zenyewe.

Casio ya mchiriku usiinunulie chochote, unayo tayari. Mimi nimekulia Mburahati miaka ya tisini. Kile kilio hakikuwa cha Casio peke yake, kilikuwa cha Casio iliyopitishwa kwenye amplifaya iliyochoka, halafu ikatokea kwenye spika za tarumbeta. Fungua 3x Osc. Osileta ya kwanza weka wimbi la mraba, ya pili mraba vilevile lakini oktavu moja juu na sauti ndogo, ya tatu zima. Nenda kwenye LFO ya pitch, inayoyumbisha noti juu na chini, weka mtetemo mdogo wa kama mara sita kwa sekunde. Kisha kwenye mixa panga hivi: Fruity Squeeze ipunguze bits za sauti (siyo biti ya ngoma) iwe na ukwaruzo wa kitoto, Fruity Fast Dist ndiyo amplifaya yako iliyochoka, na mwisho EQ, kichujio cha masafa, ikate kila kitu chini ya Hz 400 na juu ya 5000. EQ iwe ya mwisho kweli, kwa sababu tarumbeta nayo ilikuwa ya mwisho. Ukiiweka kabla ya Fast Dist, ukwaruzo utazalisha upya masafa uliyokwisha kuyakata na utapata Casio safi ya dukani, ambayo hakuna mtu wa Mburahati anaijua. 3x Osc kwa wepesi haina mpinzani, unaweza kufungua kumi.

Besi, chukua Dexed. Ni ya bure, inaiga Yamaha DX7 ya mwaka 1983, osileta sita zinazochokozana zenyewe kwa zenyewe. Inaanza na mgoto mkali, kitu ambacho singeli inakihitaji kuliko uzito. Uso wake una vitufe vingi vya kutisha, usivihangaikie, pakia faili za sauti za DX7 ambazo zimejaa mtandaoni, uchague besi, halafu ujifunze kitu kimoja tu: kupandisha na kushusha output (nguvu) ya zile osileta zinazochokoza wenzake. Hapo ndipo ukali ulipo.

Na hili la "besi nzito kwenye 220" linawasumbua wengi. Noti ya Hz 45 inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 22. Ukiipa milisekunde 68 imezunguka mara tatu, imezimwa. Sikio halijaipata, umesikia kishindo kisicho na noti. Ama ipigie mapigo marefu, moja kwa kila pigo zima, ama ipandishe ikae kati ya Hz 80 na 100. Hakuna sinthi ya pesa yoyote itakayokuvusha hapo.

Serum siisemi vibaya. Toleo la kwanza lilitoka 2014, bei yake ikazoeleka dola 189, na Serum 2 ilipotoka 2025 waliokuwa wamenunua la kwanza walipewa bure. Hao ni waungwana. Lakini Vital ni ndugu yake wa karibu, inasoma wimbi kutoka kwenye jedwali vilevile, na haina malipo kwa toleo la msingi. Tofauti kubwa utaiona kwenye priseti, na priseti ulizozikuta zinakukwaruza.

MkaliWaTemeke, Omnisphere peke yake inapita GB 60, hiyo flashi yako ina uwezo wa ajabu. Kuna kijana aliniletea laptopu baada ya kununua flashi ya namna hiyo, faili zake zote zimefungwa, anadaiwa pesa na watu asiowajua. Biti za mwaka mzima. Mtu asiambiwe buku kumi ni rahisi.

MkaliWaTemeke

Mzee umeniamkia vibaya leo 😂 Yangu ni safi, nimeskani.

Kinanda_Mbagala

FundiKelele, Mungu akuweke. Release ilikuwa 900! Nimeishusha hadi 70, Voices 4, unison 2, na mita iko chini ya arobaini. Na kweli, sasa inagonga zaidi ya mwanzo. Casio nimeipata, jirani kapiga hodi kuuliza kuna shughuli gani.

Iliyobaki ni taarabu. Nimejaribu kuiga vipande kwenye kinanda, lakini kuna noti mbili hazikubali. Nikipiga E ni kama imepanda sana, nikipiga E ya chini, ile ya kitufe cheusi, imeshuka sana.

Nyuzi_za_Unguja

Salaam aleikum. Yakhe, masikio yako ni mazima. Noti unayoitafuta iko katikati ya hizo mbili na kinanda cha kawaida hakina. Inaelekea unapiga maqam (mpangilio wa noti za Kiarabu) ya Rast. Ukianzia C, E yake na B yake zinashuka robo toni. Wapigaji wa taarabu ya kisasa wanatumia vinanda vya mashariki vyenye swichi za kuzishusha. Sisi wa kanuni, ala ya nyuzi ya taarabu, tuna vile vijiko vidogo pembeni ya nyuzi, tunainua na kulaza.

Kwenye kompyuta chukua sinthi ya Surge XT. Bure, chanzo chake kiko wazi tangu 2018, na inapokea faili za lahani (zinazopanga kimo cha kila noti) za Scala. Faili yenyewe ni maandishi matupu, iandike Notepad hivi:

! rast.scl
Rast ya C
12
100.0
200.0
300.0
350.0
500.0
600.0
700.0
800.0
900.0
1000.0
1050.0
2/1

Mstari wa kwanza ni maelezo tu, wa pili jina, wa tatu idadi ya noti. Zinazofuata ni senti kutoka C, ambapo kitufe kimoja cha kawaida hadi cha pili yake ni 100. Waona E imekuwa 350 badala ya 400, na B 1050 badala ya 1100. Nukta usiisahau kabisa. Ukiandika 350 bila nukta, programu inaisoma kama uwiano, mara 350 ya sauti ya mwanzo, na haitatoka kitu cha kusikilizwa na binadamu. Wakati wa kuhifadhi chagua All Files, la sivyo Notepad itaongeza .txt kwa nyuma na Surge itaikataa. Ukishahifadhi, iburute uiangushe juu ya dirisha la Surge, basi. Vital nayo inapokea faili hizi.

Hiyo 350 ni ya vitabu. Mashekhe wetu wengine wanaipandisha kidogo, 355, 360, sikiliza rekodi unayoipenda uifuate.

Kwa sauti ya kanuni, kwenye Surge kuna osileta inaitwa String. Ina nyuzi mbili ndani yake, ya pili unaweza kuilegeza. Kanuni ina nyuzi tatu kwa kila noti na hazilingani sawasawa hata siku moja, ndiyo ule mng'ao wake. Kwa hiyo ilegeze kidogo mno, senti tatu au nne. Chagua mdonoo wa aina ya Burst, zile za Constant zinavuta kama fidla. Na nikwambie kitu: sisi tukitaka noti idumu tunaidonoa upesiupesi kwa vidole viwili. Hizo milisekunde 68 za FundiKelele ni mwendo unaoelekeana na mdonoo wetu. Kanuni inaingia kwenye singeli kuliko fidla inavyoweza kuingia.

FundiKelele

Shekhe umenifundisha, mimi hizo noti nilikuwa nazivuta kwa pitch bend miaka yote. Naongeza moja tu: dogo, ukiiacha besi ya Dexed ilivyo, itabaki kwenye lahani ya kawaida, kwa hiyo isiguse E wala B. C, F na G zinatosha kwa singeli yoyote.

Kinanda_Mbagala

Imekubali, nimepata mwili kusisimka. Swali la mwisho kwa Nyuzi_za_Unguja: MC wangu anaimba akianzia G. Nikihamisha kila kitu hadi G, zile noti mbili zinaharibika?

Nyuzi_za_Unguja

Moja tu. Rast ya G inataka B ishuke robo, na hiyo tayari imeshuka kwenye faili yako. E irudishe 400.0, halafu F ya juu, ile ya kitufe cheusi, itoe 600.0 uiandike 550.0. Hifadhi kwa jina jingine usije ukaipoteza ya C. Na mwambie FundiKelele besi sasa ihamie G, C na D.