Kibodi ya vipande viwili niliyojiundia: kulia kumekufa, na hii herufi A niiweke wapi?

Mchapaji_Makole

Habari zenu wakuu. Kazi yangu ni kuchapa. Niko kwenye duka la stesheni (vifaa vya ofisi na uchapaji) hapa Dodoma mjini, asubuhi mpaka jioni: tasnifu za wanachuo, mihutasari ya vikao, barua za kuomba kazi. Mwaka jana mkono wa kushoto ukaanza kuniuma, hasa kidole kidogo. Nikajiuliza mbona wa kulia hauna shida. Siku moja nikachapa neno "wanatakiwa" taratibu, nikamkamata mwizi. Herufi kumi, A ziko nne, zote za kidole kidogo cha kushoto. Jirani yake amebeba W mbili, na T pia iko kushoto. Mkono wa kulia umeachiwa N, K na I tu!

Basi nikajiundia kibodi ya vipande viwili. Swichi (vile vibonyezo vya chini ya herufi) 42, kila upande 21, safu zimepandishwa na kushushwa kufuata urefu wa vidole. Bamba la juu nilianza na mbao ya mninga, nikaharibu, maana swichi hizi zinanasa vizuri kwenye bamba la milimita 1.5 na mbao ilikuwa nene. Fundi wa madirisha ya alumini ndiye aliyeniokoa, akanikatia matundu ya milimita 14 kwa 14. Mninga ukabaki kuwa boksi la chini. Nyaya nimechomelea mwenyewe, kila swichi na daiodi yake (kinachopitisha umeme upande mmoja tu), na kila upande una Pro Micro yake, ile bodi ndogo inayoendesha vitufe.

Imefanya kazi wiki tatu. Jumamosi nikawa naipangusa vumbi (wa Dodoma mnanielewa), nikachomoa ule waya wa jeki unaounganisha pande mbili, USB ikiwa bado kwenye laptopu. Nilipourudisha, kulia kimya mpaka leo. Nimeua nini? Na la pili: kwa kuwa naweza kupanga herufi nitakavyo, A niipeleke wapi?

FundiRedio_Nkuhungu

Dada, pole, lakini hapo umejitakia. Jeki ile ina sehemu nne za chuma kwenye ncha moja. Ikiingia au kutoka, kila sehemu inateleza ikigusa za jirani, kwa hiyo kwa nukta moja moto unakutana na hasi au na waya wa mawasiliano. Chomoa USB kwanza, siku zote. Ndiyo maana mimi hiyo jeki siipendi.

Sasa usikimbilie kununua. Toa USB, kisha toa waya wa jeki. Chomeka USB upande wa kulia peke yake, ubonyeze. Usishangae zikitoka herufi za kushoto: kama hukuieleza programu upande upi ni upi, upande wenye USB hujihesabu kuwa wa kushoto. Kikubwa kitu kitokee kwenye skrini. Kikitokea, bodi ni nzima, huenda kilichoungua ni pini ya mawasiliano tu, ile inayopokea waya wa jeki kwenye bodi. Umetumia pini ipi?

Mchapaji_Makole

Zinatoka kaka! Na kweli ni za kushoto. Nimetumia ile iliyoandikwa RX, kwenye programu ni D2.

FundiRedio_Nkuhungu

Umepona. Vitufe vyako vina mistari minne na safu sita, kila mmoja na pini yake, pini kumi tu, nyingine zimelala. Hamishia waya kwenye pini iliyoandikwa 2. Angalizo: kwenye QMK, yaani programu inayoendesha kibodi, hiyo inaitwa D1, si D2, hapo wengi wanapotea. Hamisha pande ZOTE mbili, badilisha mstari wa SOFT_SERIAL_PIN (unaotaja pini ya mawasiliano), kisha ipakie upya kushoto na kulia. Usipakie upande mmoja ukaja kulalamika hapa.

binti_Kongwa

Kuhusu A: gumba. Gumba la kushoto linafanya nini siku nzima? Kitufe cha nafasi liachie la kulia. Na si wazo geni. Uingereza miaka ya 1970 Lillian Malt na Stephen Hobday walitengeneza kibodi ya Maltron, wakaiweka E kwenye gumba la kushoto, kwa kuwa Kiingereza kinaila E kuliko herufi nyingine. Sisi mzigo wetu ni A. Pale ilipokuwa A weka kitu unachokigusa mara chache.

Kaka_Mkubwa_Area_D

Yote haya kwa ajili ya herufi moja? Si upumzike dakika tano kila saa.

Mchapaji_Makole

Kaka mkubwa, mwanachuo anayekabidhi kesho hajui hizo dakika tano.

Mrejesho: nimehamisha waya kwenda pini ya 2, kulia kumefufuka. Jeki nimeizungushia gundi ya moto isichomoke kirahisi. A iko gumba la kushoto tangu Jumatatu. Siku mbili za kwanza nilikuwa nakosea gumba, naandika "w n t kiw " na nafasi zimejaa kila mahali, leo inaenda. Q nayo nimeipa kazi: nikiigusa kawaida inatoa ng' nzima pamoja na kile kialama chake, nikiishikilia ndiyo inatoa Q. Ng'ombe na ng'ambo sasa mguso mmoja.

Shida iliyobaki ni bosi. Leo nimetoka kula, akakaa kwenye kiti changu aandike risiti ya mteja. Nimemkuta ameshika kibodi ya zamani mapajani, ananiuliza hiki kidude changu nani amekiibia A.