Jupita inaweza kuwaka na kuwa jua la pili? Mjadala

Ndosho (Goma)
Wandugu, inazunguka sauti kwenye WhatsApp za hapa mjini: eti Jupita itashika moto na tutakuwa na majua mawili. Wengine wanacheka tu. Wengine wanasema haiwezekani kwa sababu ni sayari, basi. Mimi jibu la "ni sayari, basi" halinitoshi. Jupita ni hidrojeni na heli, vitu vilevile vya Jua. Kinachokosekana ni nini hasa? Na sayari nyingine kubwa za gesi, hata za mbali huko, haziwezi siku moja kugeuka nyota? Wenye kujua waweke namba.

Mwalimu Ibanda (Bukavu)
Kinachokosekana ni masi, yaani wingi wa vitu vilivyomo ndani yake. Jupita ina masi ya Dunia 318. Jua ni Jupita 1,047. Ili hidrojeni ya kawaida iungane kuwa heli na kazi hiyo iendelee bila kuzimika, zinatakiwa Jupita 75 hadi 80 ndani ya mpira mmoja. Sasa chukua Zohali (Dunia 95), Neptuni (17), Urano (14.5), ongeza Dunia yetu, Zuhura, Mirihi na Utaridi, zote uzimwage ndani ya Jupita. Unapata Jupita 1.4. Jibu langu ni hapana, na si "hapana kwa sasa".

Wengi huishia kwenye hiyo 75 kama vile ni amri ya serikali. Ina sababu. Mpira wa gesi ukiwa bado mchanga hujibana kwa uzito wake wenyewe. Unatoa joto nje, unasinyaa, na kwa kusinyaa katikati panazidi kupata moto. Kusinyaa huko kukifika kwenye nyuzi milioni 3 hivi, hidrojeni inaanza kuungana na nyota imezaliwa. Ila njiani kuna elektroni. Elektroni hazikubali kurundikana katika hali moja, kwa hiyo zikishabanwa vya kutosha zinasukuma nyuma, hata zikiwa baridi. Hapo mpira unaacha kusinyaa, joto linalopotea halirudishwi tena, na kuanzia siku hiyo kinachobaki ni kupoa. Chini ya Jupita 75, elektroni zinashinda kabla ya zile nyuzi milioni 3.

Jupita ilikwama mapema sana. Katikati yake ni makumi ya maelfu ya nyuzi tu, wakati Jua lina milioni 15. Na bado inapoa: inatoa karibu mara mbili ya nishati inayopokea kutoka kwenye Jua, sehemu kubwa ikiwa joto la tangu kuzaliwa kwake. Anayeuliza kama itawaka aangalie mwelekeo. Inatoka kwenye moto, haiendi kwenye moto.

Kamalondo (Lubumbashi)
Mwalimu, heshima zako zote, lakini umejibu swali lingine. Ndosho ameuliza kama inawezekana, wewe umemwambia hapa kwetu mali haitoshi. Hayo ni mambo mawili. Ongeza masi juu ya sayari ya gesi: ikipita Jupita 13 inaunguza hidrojeni nzito, ile deuteri, ikikaribia 65 inamaliza lithiamu yake, ikipita 75 ni nyota. Na njia nzima hiyo upana wake karibu haubadiliki! Kuna nyota inaitwa EBLM J0555-57Ab, watafiti wa Cambridge waliitangaza 2017. Masi yake ni kama Jupita 85, na upana wake unaizidi Zohali kidogo tu. Kwa upana ni ndogo kuliko Jupita. Sasa nionyesheni ukuta uliopo kati ya sayari na nyota. Mimi naona mteremko.

Ndosho (Goma)
Aksanti wote. Kabla hatujaenda mbali: sisi wa hapa tunaishi juu ya gesi ya ziwa. Mtu akisema "gesi" na "kuwaka", kichwa kinaenda moja kwa moja kwenye methani ya Kivu. Jupita ni gesi tupu, radi zinapiga huko kila wakati. Mbona hailipuki?

Binti Himbi (Goma)
Kwa sababu moto unataka oksijeni, mdogo wangu. Methani ya Kivu, ile kilomita za ujazo 60 hivi iliyoyeyuka chini ziwani, haiwaki ikiwa kule chini. Inawaka ikishatolewa na kukutana na hewa, kama wanavyofanya upande wa Rwanda pale Karongi wakatoa umeme megawati 26. Jupita haina hewa ya kukutana nayo. Oksijeni yake imeshafungwa ndani ya maji. Radi ipige mpaka ichoke.

Na hata ingekuwapo oksijeni, huo usingekuwa moto wa nyota. Kilo moja ya hidrojeni ikiungana kuwa heli inatoa nishati zaidi ya mara milioni nne ya kilo hiyohiyo ikichomwa kwa oksijeni. Nyota haichomi, inaunganisha viini. Tutumie neno "kuwaka" kwa sababu ndilo tulilonalo, lakini tusichanganye.

Fundi wa Ruashi (Lubumbashi)
Nilisikiliza hiyo sauti mpaka mwisho. Mwenye sauti anasema Wamarekani "walitupa plutoniamu" ndani ya Jupita ili iwake. Uvumi huo ni wa zamani. Chombo Galileo kilirushwa 1989, kikatumbukizwa Jupita tarehe 21 Septemba 2003 kwa makusudi, kwa sababu mafuta yalikuwa yanakwisha na hawakutaka kianguke kwenye Europa, mmoja wa miezi ya Jupita, na kuuchafua kwa vijidudu vya Dunia. Ndani yake kulikuwa na plutoniamu-238 ya kutengeneza umeme. Sikilizeni namba hiyo: 238. Bomu linataka 239. Ile 238 inatoa joto lake polepole, nusu yake inaisha kwa miaka 88 hivi, na ilikuwa imefinyangwa kwenye vidonge vigumu vya oksaidi. Haikuwa na namna ya kulipuka.

Tuseme lingekuwa bomu kweli. Bado hapana. Bomu la hidrojeni halitumii hidrojeni ya kawaida; linatumia ile nzito pamoja na lithiamu, na linabanwa kwanza. Hidrojeni ya kawaida, hatua yake ya kwanza ya kuungana ni ya uvivu wa ajabu: hata katikati ya Jua protoni moja inasubiri kwa wastani miaka bilioni kadhaa. Ukiwasha sehemu moja ya Jupita, joto linatawanyika kabla jirani hajapata habari. Na jaribio tunalo: Julai 1994 vipande zaidi ya 20 vya nyotamkia Shoemaker-Levy 9 viliigonga Jupita kwa kasi ya kilomita 60 kwa sekunde. Bomu lolote lililowahi kutengenezwa ni mchezo wa watoto mbele ya kile kipande kikubwa. Jupita ilibaki na madoa meusi kwa miezi, yakafutika.

Sisi ambao urani ya mgodi wa Shinkolobwe, ile ya mabomu ya Wamarekani, ilitoka chini ya miguu yetu tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganywa kwa mambo haya.

Binti Himbi (Goma)
Asante, fundi. Turudi kwa Kamalondo, maana hoja yake ndiyo nzito. Yaya, nakubali kwamba ni mteremko. Tatizo ni nani anayeongeza hiyo masi, na kwa mwendo gani. Mfano halisi upo: Cha 1107-7626, kitu kisicho na nyota yake, masi ya Jupita 5 hadi 10, umbali wa miaka ya nuru kama 620. Mwaka 2025 kilikamatwa kikimeza gesi na vumbi tani bilioni 6 kila sekunde. Inatisha, eti? Piga hesabu. Kwa mwaka ni kama kilo 1.9 × 10²⁰. Jupita moja ni kilo 1.9 × 10²⁷. Kwa hiyo kingeendelea kula hivyo bila kupumzika, kinahitaji miaka milioni 10 kuongeza Jupita moja tu. Kufika 75, ni miaka milioni mia sita na kitu. Na sahani ya gesi inayokilisha kwa kawaida haidumu zaidi ya miaka milioni chache. Chakula kinaisha mezani kabla mlaji hajanenepa.

Kamalondo (Lubumbashi)
Mlishaji mwingine yupo: Jua lenyewe. Likizeeka, baada ya miaka kama bilioni 5, litavimba na kupuliza nje karibu nusu ya masi yake. Hiyo ni Jupita 500 zinapita mlangoni.

Mwalimu Ibanda (Bukavu)
Zinapita, ndiyo, lakini pande zote za anga, na mdomo wa Jupita ni mdogo. Ukimpa Jupita moja kwa elfu ya upepo huo, na huo ni ukarimu mkubwa kupita kiasi, anapata nusu ya masi yake. Kutoka 1 hadi 1.5. Bado safari ni ya 75.

Naongeza jambo ambalo watu wa "ni nyota tu iliyokosa masi" wanalisahau. Jupita haina mchanganyiko wa Jua. Kipima kilichodondoshwa na Galileo Desemba 1995 kilikuta kaboni, salfa, argoni na kriptoni kwa kiasi cha mara mbili hadi nne ya zile za Jua. Chombo Juno, kinachoizunguka Jupita, nacho kimeonyesha kwamba kiini chake kimesambaa, vitu vizito vimechanganyika na hidrojeni hadi mbali. Hiyo ni alama ya kitu kilichojengwa kwa kukusanya mawe na barafu kwanza, gesi baadaye. Nyota huanza kwa wingu kuporomoka. Ndiyo maana nasema namna kitu kilivyozaliwa nayo ina uzito.

Binti Himbi (Goma)
Mwalimu, hapo sikufuati. Chanzo kinatwambia kilivyoanza, hakituambii kama kitawaka. Elektroni haziulizi cheti cha kuzaliwa.

Lakini Kamalondo naye asifurahi haraka. Hata mlishaji akipatikana, hiyo 75 inahusu mpira uliozaliwa na moto na kuanza kupoa. Mwaka 2019 John Forbes na Abraham Loeb walipiga hesabu ya kitu kilichokwisha kupoa halafu kikaongezwa masi kidogokidogo. Elektroni zake zimeshabanwa tayari. Joto la kila tonge jipya linapata muda wa kutoroka, katikati panabaki baridi, na kitu kinaupita mpaka wa nyota bila kuwaka. Kibete kahawia (ndivyo wanavyoita kitu kizito kuliko sayari ila kisichofika kuwa nyota) chenye masi ya nyota! Hajaonekana hata mmoja kwa uhakika, ni hesabu, lakini fizikia yake iko imara. Kwa hiyo "ongeza masi tu" si kanuni. Ongeza *haraka*, ndiyo kanuni. Jupita ya kuzeeka, ikilishwa na upepo wa Jua la kuzeeka, ingeangukia kundi hilo.

Kamalondo (Lubumbashi)
Sawa, hiyo ya mwendo naichukua, inanibana kweli. Haraka basi. Kugongana ni haraka. Vibete viwili vya kahawia vikiungana kwa siku moja, joto halina pa kutorokea.

Binti Himbi (Goma)
Hapo tunakubaliana, mradi jumla itoshe. Angalia walio karibu. Luhman 16, umbali wa miaka ya nuru 6.5, ni wawili: masi ya Jupita 35 na 29 hivi. Jumla 64, haitoshi. Gliese 229B, kile kibete kahawia kilichotangazwa 1995, mwaka 2024 kimegundulika kuwa ni wawili: 38 na 34, wanazungukana kila siku 12, umbali kati yao mara 16 ya ule wa Dunia na Mwezi.

Ndosho (Goma)
38 na 34 ni 72. Hao wakigongana inakuwaje?

Mwalimu Ibanda (Bukavu)
72 iko palepale kwenye ukingo. Hapo masi peke yake haiamui. Vitu vizito vikiwa vingi ndani ya gesi, joto linatoka kwa shida na mpaka unashuka. Vikiwa haba, mpaka unapanda hadi karibu Jupita 90. Toa pia gesi itakayorushwa nje wakati wa mgongano. Mimi nasema haiwaki kwa kudumu. Ingeunguza kwa muda, halafu elektroni zingeshika.

Kamalondo (Lubumbashi)
Na mimi nasema inawaka. Tukose wote wawili, hakuna atakayekuwepo kuamua. Lakini naona tumeshahama kutoka "haiwezekani kabisa" hadi kubishania Jupita tatu.

Mwalimu Ibanda (Bukavu)
Tumehama kutoka sayari hadi vibete kahawia, ndugu yangu. Jupita bado ina 1.