Kamusi ya simu au ya karatasi kwa kusoma Kijerumani na Kiarabu?

Msomaji
Wadau, kwa riwaya za Kijerumani na Kiarabu ipi inafaa: kamusi inayofunguka ukigusa neno, au ya karatasi? Ya simu ina haraka, lakini mara nyingi maana haiingii kwenye sentensi, na neno lilelile linatafutwa tena kurasa 3 mbele.

Kidahizo
Haiingii kwa sababu programu huliona neno uliloligusa tu. Mfano: "Ich rufe dich morgen an." Gusa "rufe", utapewa rufen, kuita. Kitenzi chenyewe ni anrufen, kupiga simu. Ile "an" imesukumwa mwisho. Basi kabla ya kugusa kitenzi, tazama mwisho wa sentensi. Ukikuta an, auf, aus, ein, mit, vor au zu iko peke yake, ibandike mbele ya kitenzi, kisha andika neno zima kwenye kisanduku cha kutafutia. Karatasi nayo haikuokoi hapa: usipoiona "an" utafungua R badala ya A.

Kama Kindle (kifaa cha kusomea vitabu) inakufungulia kamusi ya lugha nyingine, huenda kwenye taarifa za faili la kitabu imetajwa lugha isiyo yake. Irekebishe kwa Calibre, programu ya kompyuta ya kupanga vitabu, kisha ulihamishe faili upya.

Mizizi
Kwa Kiarabu naitetea karatasi bila kusita. Kamusi ya Hans Wehr hupanga maneno kwa mizizi, yaani konsonanti za msingi za neno. Mustaqbal huipati kwenye mim (herufi m). Vua "musta", ubaki na q-b-l. Hapo utawakuta jamaa zake wote, na sisi tunawajua: kabla, kabila, kibla, kabili, kubali, mustakabali. Kwenye kioo unapewa mmoja, wengine huwaoni. Kinachokwamisha ni mizizi yenye herufi "waw" (w) au "ya" (y) iliyojificha. Qala (alisema) imo chini ya q-w-l, kwa hiyo ukiona alifu katikati jaribu "waw" kwanza, halafu "ya".

Msomaji
Asanteni sana. Na hili la kurudia neno?

Kidahizo
Soma ukurasa mzima bila kamusi, ukipiga mstari kwa penseli. Ukirudi, tafuta yaliyojitokeza mara 2 na yale yanayoziba maana ya sentensi, yasizidi 5. Kwenye kamusi ya karatasi weka nukta kando ya kidahizo (neno linalofafanuliwa) kila unapokifungua. Kikifika nukta 3, kiandike kwenye kadi pamoja na sentensi ulikokikuta, si neno tupu.